TEKNOLOJIA: Namna rangi za video ya HD hupotea mezani pa mhariri

Na MWANDISHI WETU

HARUSI ilifanyika Kisumu, na bwana arusi alikuwa ameniomba jambo moja tu: picha ya jua likizama ziwani, yeye na mkewe wakiwa wamesimama ufuoni.

Picha hiyo ilipatikana. Kamera ilikuwa ya kuazima, tena ya hali ya juu, na anga ilitokea na rangi ya chungwa iliyofifia polepole hadi ikawa zambarau, pasipo mahali ambapo jicho lingeweza kusema kuwa hapa ndipo rangi moja inapokomea na nyingine kuanza.

Wiki tatu baadaye tuliiweka video kwenye runinga kubwa sebuleni mwa wazazi wa bibi arusi. Anga ile ilikuwa imegeuka matuta. Mikanda mipana ya rangi ilikuwa imepangana, mmoja juu ya mwingine, mithili ya shamba la kilimani lililochimbwa makinga-maji. Mzee mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, aliitazama kwa kitambo kisha akauliza kwa upole iwapo runinga yake ilikuwa na hitilafu.

Runinga haikuwa na hitilafu yoyote. Kosa lilikuwa langu na lilinigharimu nusu ya malipo. Ni kosa linalofanywa kila siku na vijana wanaohariri video za harusi, matangazo ya biashara na hata filamu, kwa sababu halitoi kelele. Tarakilishi haikuonyi. Faili hufunguka vizuri na kila kitu huonekana sawa hadi siku picha itakapotazamwa na mtu aliyeilipia.

Ili kuelewa lilikotokea, hatuna budi kwanza kueleza maana ya kina cha rangi.

Picha ya video ni mkusanyiko wa vitone vidogo viitwavyo pikseli. Katika video ya HD kamili vitone hivyo ni 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni mbili katika kila picha. Kila kitone huhifadhiwa kwa nambari tatu, ambazo kwa urahisi tunaweza kuzichukulia kuwa za nyekundu, kijani na samawati. Kina cha rangi ni idadi ya ngazi ambazo kila mojawapo ya nambari hizo inaweza kupanda kutoka giza totoro hadi mwangaza kamili.

Biti nane hutoa ngazi 256. Biti 10 hutoa ngazi 1,024, nazo biti 12 hutoa ngazi 4,096. Ukizidisha ngazi za rangi zote tatu, biti nane zinakupa takriban rangi milioni 16.7, ilhali biti 10 zinakupa zaidi ya bilioni moja.

Msomaji atauliza: je, milioni 16 hazitoshi? Swali hilo ni la haki. Kwa kutazama tu, aghalabu zinatosha. Diski za Blu-ray za HD ni za biti nane, kadhalika video nyingi za mtandaoni, na ni nadra kumsikia mtazamaji akilalamika.

Lakini hesabu ya mamilioni inahadaa. Anga ya machweo haitumii rangi milioni 16. Tuseme mwangaza wake unatoka ngazi ya 120 upeo wa macho hadi ngazi ya 80 juu kabisa. Hizo ni ngazi 40 tu, nazo zinapaswa kutandazwa kwenye mistari 1,080 ya kimo cha picha. Kila ngazi itachukua mistari 27. Huo tayari ni mkanda, ila ni mwembamba na tofauti yake na jirani yake ni ndogo kiasi kwamba jicho husamehe.

Sasa aje mhariri. Kazi yake si kutazama. Yeye huzivuta rangi, huzipandisha na kuzishusha, hutia joto hapa na kuongeza weusi pale. Akiikaza anga ile ili chungwa iwake zaidi, ngazi 40 zitatanuliwa zifike, mathalan, nafasi ya ngazi 120. Ngazi mpya hazizaliwi katikati. Zile 40 ni zizo hizo, ila kila moja sasa imeachana na mwenzake kwa hatua tatu, na hatua tatu jicho halisamehe.

Biti 10 hukuokoa kwa kuwa katika nafasi iyo hiyo ya anga zina ngazi mara nne. Ngazi 160 zikitanuliwa mara tatu bado zitaijaza kila ngazi ya video ya biti nane utakayompa mteja.

Kuna mfano mwingine ambao huwa nautoa kwa wanaoanza kazi hii. Kwa kawaida ya video, weusi huwekwa kwenye ngazi ya 16 na weupe ngazi ya 235 katika biti nane, ilhali katika biti 10 weusi ni 64 na weupe ni 940. Chukua picha iliyopigwa kwenye giza, labda ndani ya kanisa lenye taa hafifu, ikakalia robo ya chini tu ya nafasi hiyo. Katika biti nane umebaki na ngazi 55 za kuipandisha hadi ionekane. Katika biti 10 unazo ngazi 219, karibu sawa na picha nzima ya biti nane iliyopigwa mchana wa jua. Tofauti ya harusi iliyookolewa na iliyoharibika huweza kuwa hiyo tu.

Mlolongo na pingu zake

Kina cha rangi ni sawa na maji yanayopita katika mabomba kadhaa yaliyounganishwa. Bomba moja likiwa jembamba, haidhuru mengine yana upana gani. Video hupita kwenye kamera, kwenye faili ya kurekodia, kwenye programu ya kuhariri, kwenye vichujio na madoido, kwenye safari kati ya programu moja na nyingine, kisha kwenye faili ya mwisho. Popote pale inapopunguzwa hadi biti nane, ngazi zilizokatwa hazirudi tena.

Kamera ndiyo bomba la kwanza. Enzi za HDV, muundo uliozinduliwa mwaka 2003, na AVCHD iliyofuata mwaka 2006, mpiga picha wa kawaida hakuwa na hiari kwani zote zilikuwa za biti nane. Canon EOS 5D Mark II ya mwaka 2008, iliyowafungulia wengi mlango wa filamu, nayo ilirekodi biti nane. Mambo yalibadilika baadaye. Panasonic GH5 ya mwaka 2017 ilirekodi biti 10 ndani ya kamera yenyewe, Sony a7S III ikafanya hivyo mwaka 2020, na mwaka uo huo simu za iPhone 12 zikaanza kurekodi video ya biti 10.

Hata hivyo, kuwa na kamera ya biti 10 si sawa na kurekodi biti 10. Kamera nyingi zina orodha ndefu ya namna za kurekodi, na zile zinazotumia nafasi ndogo kwenye kadi mara nyingi huwa za biti nane. Mwenye kamera huchagua ndogo ili kadi isijae kabla ya keki kukatwa. Simlaumu, bali ajue anachokiacha.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa anayerekodi kwa mtindo wa logi, ambapo kamera hubana mwangaza mwingi wa dunia katika picha iliyopauka ili mhariri aje aitanue. Kutanua ndiko kunakofichua upungufu wa ngazi. Sony a7S ya mwaka 2014 iliwapa watu logi ndani ya biti nane, na wengi waliotanua anga zao walikutana na matuta niliyokutana nayo Kisumu. Ikiwa kamera yako ina biti nane pekee, ni heri kutumia mtindo wa kawaida na kupata mwangaza sahihi papo hapo kuliko kupauka kwa matumaini.

Lipo pia suala la ndugu yake kina cha rangi, ambalo watu hulichanganya nalo. Video nyingi hazihifadhi rangi ya kila kitone. Zinahifadhi mwangaza wa kila kitone, lakini rangi huhifadhiwa kwa vitone vichache kwa sababu jicho la binadamu ni zito zaidi kutambua rangi kuliko mwangaza. Ndiyo maana ya nambari kama 4:2:2, ambapo rangi huhifadhiwa kwa nusu ya vitone, na 4:2:0, ambapo ni robo tu. Hilo haliathiri sana matuta ya anga. Huumiza pale unapotaka kumkata mtu kutoka kwenye pazia la kijani na kumweka mahali pengine, kwani kingo za nywele zake hutoka zimemeguka.

Hata wakubwa wa Hollywood walilipitia hilo. Filamu ya George Lucas, Star Wars: Episode II – Attack of the Clones, iliyotolewa mwaka 2002, ilipigwa kwa kamera za dijitali za Sony HDW-F900 zilizorekodi katika kanda za HDCAM. Kanda hizo zilikuwa za biti nane. Kila mstari ulihifadhiwa kwa vitone 1,440 badala ya 1,920, na rangi kwa thuluthi tu ya hivyo. Ilhali sehemu kubwa ya filamu hiyo ilikuwa ya waigizaji waliosimama mbele ya mapazia ya samawati. Kwa filamu iliyofuata, Revenge of the Sith ya mwaka 2005, walihamia kamera ya HDC-F950 na kanda za HDCAM SR, ambazo zilihifadhi biti 10 na rangi ya kila kitone. Hawakuhama kwa kupenda vifaa vipya tu. Bomba lilikuwa limewabana.

Turudi mezani kwetu. Baada ya kamera, bomba la pili ni kodeki, yaani namna ya kubana faili. Kuhariri faili isiyobanwa kabisa ni mzigo: HD ya biti 10 kwa 4:2:2, picha 25 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 130 kila sekunde, ambazo ni zaidi ya gigabaiti 460 kwa saa moja. Ndiyo sababu Avid walileta DNxHD mwaka 2004 nao Apple wakaleta ProRes mwaka 2007. Hizi ni kodeki za kufanyia kazi. ProRes 422 HQ hutumia takriban megabiti 184 kwa sekunde katika HD ya picha 25, yaani gigabaiti 83 hivi kwa saa, na huhifadhi biti 10.

Hapa pana mtego mdogo. ProRes 422 zote ni za biti 10, lakini DNxHD si zote. Ile iliyoandikwa DNxHD 185 ni ya biti nane, na DNxHD 185x ni ya biti 10. Herufi moja ya x ndiyo yote uliyo nayo. Katika DNxHR iliyokuja baadaye hali ni iyo hiyo: HQ ni ya biti nane, na unayoitaka ni HQX. Sijui ni nani aliyeona kuwa herufi moja inatosha kubeba jambo zito namna hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba kuigeuza faili ya biti nane kuwa ProRes huiongezea rangi. La hasha. Maji ya kikombe ukiyamimina kwenye debe hayajazi debe. Faida yake ni kwamba hesabu zitakazofuata zitakuwa na nafasi ya kutosha na hazitakatwa zaidi, na hiyo si faida ya kupuuzwa.

Ndani ya programu

Bomba la tatu ndilo linalowanasa wengi, maana limefichika. Programu ya kuhariri inaweza kupokea faili ya biti 10, ikaionyesha kuwa ya biti 10, kisha ikafanya hesabu zake kwa biti nane.

Fikiria kichujio kimoja kinachopunguza mwangaza kwa nusu na kingine mbele yake kinachouzidisha mara mbili. Kwa hesabu ya kawaida picha inapaswa kurudi ilivyokuwa. Katika biti nane, ngazi 256 zinabanwa kuwa 128, kisha zinatanuliwa zikiwa bado 128. Nusu ya ngazi imepotea, na hakuna ulichobadilisha. Programu inapofanya hesabu kwa biti 32 zenye desimali, hakuna kinachopotea. Zaidi ya hayo, weupe uliovuka ngazi ya 235, kama vile wingu linalong'aa au shela ya bibi arusi juani, hauchinjwi katikati ya safari, na unaweza kuurudisha chini mwishoni.

DaVinci Resolve hufanya hesabu zake kwa biti 32 pasipo kuulizwa. Katika Premiere Pro, tazama kwenye mipangilio ya mfuatano kisanduku kiitwacho "Maximum Bit Depth", kisha angalia kama kila kidoido unachotumia kina alama ya 32. Kidoido kimoja kisicho na alama hiyo kinatosha kukurudisha kwenye biti nane, hata kama vingine vyote vinayo. Waliokuwa wakitumia Final Cut Pro 7 watakumbuka kwamba nayo ilianza kila mradi kwa biti nane hadi uibadilishe mwenyewe.

After Effects je? Mradi mpya huanza kwa biti nane kwa kila rangi. Lazima uubadilishe kuwa 16 au 32 kwa mkono wako.

Naam, hapo ndipo nilipoangukia. Picha ya machweo ilikuwa na nguzo ya umeme pembeni ambayo bwana arusi hakuitaka. Niliipeleka After Effects, nikaifuta nguzo, nikairudisha ikiwa faili ya ProRes 422 HQ. Jina lilisema biti 10, ukubwa wake ulikuwa wa biti 10, na programu ya kuhariri iliitambua hivyo. Lakini mradi nilioifutia nguzo ulikuwa wa biti nane. Chupa ilikuwa ya asali, ndani yake mlikuwa na maji. Nilipoikaza anga ili chungwa iwake, mikanda ikajitokeza.

Kwa nini basi sikuiona? Kwa sababu skrini ya tarakilishi yangu ya mapajani haikuwa ya kuaminika. Skrini nyingi za bei nafuu zina biti sita tu kwa kila rangi, nazo hujaribu kuziba pengo kwa kumetesha vitone haraka haraka. Skrini kama hiyo inaweza kukuonyesha mikanda isiyokuwamo kwenye faili au kukufichia iliyomo. Nilikuwa nimeishaizoea anga yenye mikanda midogo, nikadhani ni skrini.

Jicho, basi, si shahidi wa kutosha. Shahidi bora ni grafu ya ngazi ambayo programu zote za kusawazisha rangi huwa nayo. Picha yenye ngazi kamili huchora mlima uliojaa. Picha iliyokatwa ngazi kisha ikatanuliwa huchora mlima wenye mapengo, kama meno ya kitana. Ukiona kitana, rudi nyuma hatua moja moja hadi uone mahali mapengo yanapoanzia.

Kabla ya kazi kubwa ni vyema kuupima mlolongo mzima. Tengeneza picha ya mteremko laini kutoka weusi hadi kijivu katika mradi wa biti 16 au zaidi, itoe kwa kodeki unayotumia, ipitishe katika kila programu na kila kidoido unachokusudia kutumia, kisha uikaze kupita kiasi na utazame grafu. Mteremko uliotengenezwa ndani ya programu ya kuhariri yenyewe usiuamini, kwani baadhi ya programu huutengeneza kwa biti nane tangu mwanzo, ukaanza kuwinda kosa lisilokuwapo. Kipimo hiki huchukua nusu saa.

Jambo jingine ni jinsi faili zinavyosafirishwa. Siku hizi si ajabu mpiga picha aliye Mombasa kumtumia mhariri wa Nairobi vipande vya video kwa WhatsApp. WhatsApp huibana video upya, na chochote kilichokuwa cha ziada hutupwa njiani. Vipande vya kazi vipelekwe kwa diski, au kwa huduma ya mtandao inayohifadhi faili jinsi ilivyo.

Mwisho wa safari, ni kweli kwamba mteja wengi watampa faili ya biti nane. Hakuna ubaya. Ubaya ni kushuka mapema. Ukishuka mara moja tu, baada ya rangi zote kusawazishwa, kila ngazi ya biti nane itakuwa imejaa. Ongeza pia chembechembe hafifu kabla ya kutoa faili. Hizo huvuruga kingo za mikanda, na jicho husoma mteremko laini mahali ambapo kuna ngazi. Ndiyo sababu filamu za zamani, zenye chembe za asili, ni nadra kuonyesha matuta angani. Kwa anayeuza video ya HDR hali ni tofauti, kwani muundo wa HDR10 uliotangazwa mwaka 2015 unadai biti 10 hadi kwenye runinga ya mtazamaji.

Kwa bahati, nilikuwa sijaifuta faili halisi ya kamera. Niliifuta nguzo upya usiku mmoja, mradi ukiwa wa biti 16, nikazirudia rangi zile zile kwa vipimo vile vile, nikatia chembe kidogo, kisha nikaipeleka diski Kisumu kwa basi la asubuhi. Mwalimu alinipigia simu jioni. Alisema runinga yake imepona.